Mama Ametiwa Uso

Mchoraji alirudi kutoka hospitali akakuta mama yake ametiwa uso.

Alikuwa amekwenda kutolewa mtoto wa jicho, jicho la kushoto, lile lililokuwa baya zaidi. Bandeji ilifunguliwa asubuhi hiyo, na njia nzima ya kurudi alikuwa kama mtoto aliyenunuliwa viatu. Alisoma mabango ya madukani kwa sauti. Alishangaa wingi wa nyaya za umeme. Walipofika nyumbani alisimama nje akamwambia dada yake, "Kumbe geti letu ni la kijani. Miaka yote hii nilidhani ni la kijivu."

Dada yake, ambaye hata ndugu zake walimwita Shangazi kwa kufuata mazoea ya watoto, alikuwa amebeba mfuko wa dawa na hakuwa na nafasi ya mashairi.

"Na mimi uso wangu unauonaje?"

"Umezeeka."

"Basi turudi wakakurudishie huo utando."

Mchoraji alicheka, akapita sebuleni, akafungua mlango wa karakana. Kilikuwa chumba kirefu cha nyuma chenye dirisha pana. Nusu moja ilikuwa yake: makopo ya maziwa yaliyojaa brashi, sakafu yenye madoa ya rangi za miaka mingi, harufu ya tapentaini. Nusu ya pili ilikuwa ya mdogo wake wa mwisho, fundi wa fremu, na huko kulikuwa na misumeno, vibanio na vipande vya mbao vilivyoegemezwa ukutani kwa urefu wake. Katikati, juu ya stendi, ilisimama picha ndefu kama mlango. Ilikuwa inatazama chumba, na uso wa mama ulikuwa unamtazama yeye.

Uso ule haukuwapo alipoondoka. Pale juu ya shingo alikuwa ameacha kitambaa cha kuchorea kitupu, kama kilivyotoka dukani, kwa makusudi. Sasa palikuwa na kitu cha kahawia kilichokolea, kimezungushiwa mstari mweusi mnene kama vichwa vya kwenye mabango ya vinyozi. Jicho moja lilikuwa kubwa kuliko jingine. Pua ilikuwa kama dole gumba. Mdomo ulikuwa umevutwa upande, mdomo wa chini umetokeza, kama mtu aliyetafuna kitu kichungu akakosa pa kukitemea.

"Gundi yuko wapi?" aliuliza Mchoraji, kwa upole.

Shangazi aliusikia upole ule akaweka mfuko wa dawa chini. Alikuwa anamjua kaka yake. Akifoka, mvua ya kupita. Akiuliza kwa upole, uanue nguo.

Gundi aliingia kutoka uani akipangusa mikono. Aliitwa hivyo kwa sababu mbili: vidole vyake havikuisha gundi ya mbao, na tangu utotoni hakuwahi kubanduka ubavuni kwa kaka yake. Sasa mvi zilikuwa zimemjaa, na bado yuko pale pale.

"Kaka, karibu nyumbani. Jicho linasemaje?"

"Linaona."

"Ashukuriwe Mungu."

"Nani kagusa hii picha?"

"Mimi," alisema Gundi, kama mtu aliyeulizwa nani kanunua mkate. "Niliona imebaki uso. Maonyesho ni keshokutwa, na wewe jicho limefungwa. Nikasema nisikuachie kazi."

"Imebaki uso."

"Ndiyo. Nimejitahidi. Pua ndiyo imenisumbua kidogo."

Wanaosema hasira ni hasara hawajawahi kutoka hospitali wakakuta mtu amewamalizia kazi. Mchoraji alishika kopo la brashi lililokuwa karibu akalipiga ukutani. Brashi zilitawanyika chini ya benchi la fremu. Alitaka kusema, maneno yakagombania mlango, likatoka moja tu.

"Toka."

"Kaka—"

"Toka kwenye chumba changu."

"Nusu ni yangu," alisema Gundi, na hakutoka.

Ili mtu aelewe ukubwa wa jambo hili, lazima aijue safari ya mkono ule wa Mchoraji. Alianza na mabango. Vichwa vya vinyozi, matairi ya gereji, chupa za maduka ya dawa. Yeye alichora mistari, na Gundi, aliyekuwa bado mdogo, alijaza rangi, na vichwa vyao vilikuwa vinajulikana mji mzima kwa ule mstari mweusi wa pembeni ambao mtu aliuona akiwa mbali. Baadaye akapanda daraja, akawa mchoraji wa sura. Waliletwa kwake wakubwa wa ofisi, maharusi na marehemu, wote kwa picha za kamera, na alisifiwa kwamba hata kovu la chunusi halimponyoki. Gundi akaacha rangi, akajifunza fremu.

Kisha mama yao akafa. Siku moja alfajiri Mchoraji alimwota anatembea na kiti kichwani katika mji ambao nyumba zake hazikuwa na sakafu. Aliamka akauchora mji ule kabla hajanawa uso. Tangu hapo hakuchora tena kwa kutazama picha ya kamera. Kuta zake zilianza kupinda. Samaki walipita madirishani. Watu wa kwenye picha zake mahali pa uso walikuwa na kufuli, au beseni, au mlango ulioachwa wazi kidogo. Mama peke yake hakuwa na kitu mahali pale, ila kitambaa kitupu.

Na picha zilifuatana kama hadithi. Katika ya kwanza mama anatoka nyumbani na kiti kichwani. Katika ya pili anavuka mto uliosimama wima kama pazia. Anaomba mahali pa kukaa kwenye nyumba ya ndege, ananyimwa. Anaomba kwenye shamba la funguo, ananyimwa. Picha kumi na nne anazunguka na kiti chake bila kukaa. Waliozipenda walimwita Mzee Ndoto kwa heshima, na wasiozipenda walimwita vile vile, kwa kumhurumia. Shangazi alikuwa na maelezo yake. "Ndoto gani," aliwaambia wageni. "Huyo ana mtoto wa jicho. Wakimtoa tu, anarudi kwenye vinyozi."

Ya kumi na tano, ile ndefu kama mlango, ndiyo ambayo mama anakaa. Amekiweka kiti katikati ya barabara, maji yanapanda kilima badala ya kushuka, ndege wamebeba nyumba kwa mapaa yake kama watu waliobeba mizigo kwa vishikio. Mchoraji aliifanyia kazi mwaka mzima. Ukumbi mkubwa wa maonyesho ulikuwa umekwisha kuzitundika zile nyingine, na ukuta wa mwisho ulikuwa mtupu, unaisubiri. Bila hii, zile kumi na nne zilikuwa safari isiyofika.

Haya yote yalikuwa kifuani mwake alipomgeukia mdogo wake.

"Nani alikwambia haijaisha?"

"Ilikuwa inatazama wapi?" aliuliza Gundi.

Mchoraji aliitazama stendi.

"Nakuuliza, kaka. Niliikuta inatazama wapi?"

Walikuwa na sheria, wale wawili, tangu enzi za mabango. Kazi iliyogeuziwa ukutani imeisha, hata nzi asitue. Kazi inayotazama chumba bado, na mwenye nafasi aiendeleze. Sheria ile iliwaepusha na ugomvi walipokuwa na mabango mengi ya kukausha, na hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuivunja. Mchoraji akakumbuka asubuhi ya kwenda hospitali. Picha ilikuwa imegeuziwa ukutani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeigeuza itazame chumba, kwa sababu aliogopa kisu cha daktari, akataka aione kwa mara nyingine, isije ikawa ya mwisho. Gari likapiga honi. Akatoka, akaiacha hivyo.

Mtu mwenye haki akikasirika, hasira yake hupoa. Anayeanza kujishuku ndiye huichochea kuni.

"Sheria ile ilikuwa ya mabango," alisema. "Hili ni bango?"

"Hukuniambia imebadilika."

"Mtu mzima na mvi zako uambiwe? Miaka yote namwacha mama bila uso, picha moja, ya pili, ya kumi na nne, zote umezipiga fremu kwa mikono yako, hujaona?"

"Niliona. Nilidhani nyuso zile zinakushinda."

Shangazi alikohoa, na kikohozi kile kilikuwa kicheko kilichofungiwa ndani. Mchoraji alimtupia jicho lake jipya.

"Na bora ungemchora vizuri," aliendelea Mchoraji. "Umempinda mdomo. Umempa sura ya mgomvi wa kisimani. Mama yangu hakuwa na mdomo uliopinda."

"Mama yetu," alisema Gundi. "Na kweli hakuwa nao. Siku ile tu ndiyo aliupinda."

"Siku gani?"

"Ya kiti."

Shangazi alikuwa amesogea mbele ya picha. Alisimama pale muda, mikono kiunoni, akiinamisha kichwa huku na huku kama anayekagua nyama buchani. Kisha alisema, bila kumtazama yeyote:

"Huyu ndiye mama. Wale wengine huko ukumbini, wote kumi na nne, mimi sijui ni mama wa nani. Nilinyamaza kwa sababu watu wanakusifu, nikaona nisikutie nuksi."

"Hata wewe," alisema Mchoraji.

"Hata mimi. Nikupake mafuta kwa mgongo wa chupa mpaka lini?"

Habari ya kiti ilijulikana kwa kila mtu katika ukoo ule. Mama yao alikuwa mfagiaji kwenye ofisi moja kubwa. Wafagiaji hawakuruhusiwa kukaa, hata wakisubiri funguo. Siku moja, miguu imemvimba, alichukua kiti kwenye chumba cha mikutano, akakiweka koridoni, akakaa. Mkubwa wa ofisi akamkuta. Akamwambia, mbele ya makarani, kwamba viti vile havikununuliwa kwa makalio ya wafagiaji. Mama aliinuka. Akakiinua kiti, akakitia kichwani, akatoka nacho getini, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Kazi ikaishia hapo, na kiti kikabaki nyumbani mpaka leo, sebuleni, kinakaliwa na wageni. Habari ile ilisimuliwa mezani mara nyingi hata ikalainika kama mpini wa jembe.

Lakini Mchoraji siku ile hakuwapo. Alikuwa kwa fundi wake wa mabango, anajifunza kazi. Alirudi jioni akakuta kiti sebuleni na mama anapika. Aliyekuwapo ni Gundi, mtoto mdogo aliyekuwa na homa, akakosa shule siku hiyo na kwenda na mama kazini. Yeye ndiye aliyetembea naye.

"Haya, eleza," alisema Mchoraji.

"Nimeshachora."

"Eleza kwa mdomo. Mkono wako nimeuona."

Gundi alivuta kigoda chake cha kazi, kisha akaghairi, akabaki amesimama.

"Hakutembea kama unavyomchora wewe. Wewe unamfanya aelee, kama pamba. Alikuwa anakwenda kama anayekwenda kupiga mtu. Na watu walikuwa wanacheka. Pale kituo cha mafuta walicheka, wakamuuliza, mama, unahamia wapi na kiti kimoja. Mafundi cherehani wakatoka barazani. Mmoja akasema, muulizeni anauza bei gani. Akaupinda mdomo hivi, asiwajibu. Akijibu, kiti kitaanguka. Mimi hakunishika kiganja. Alinishika hapa, kwenye kifundo cha mkono, akaniminya mpaka nyumbani. Mnasema nililia kwa homa. Homa gani. Nilimwogopa."

"Hukuwahi kuniambia."

"Uliniuliza lini? Unaniletea picha nipime fremu. Napima."

Nje lilipiga honi gari. Alikuwa Msimamizi wa ukumbi, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba, amekuja mwenyewe na gari la mizigo lililotandikwa magodoro ili picha isipate mkwaruzo. Aliingia akisema, "Shikamoo mzee wangu, pole na jicho," na salamu ikamfia mdomoni.

Alivaa miwani. Akavua. Akavaa tena.

"Mzee. Huu ni utani?"

"Utani wa nyumbani," alisema Shangazi.

"Ni mimi," alisema Gundi.

Msimamizi hakuwa mjinga wala hakuwa mtu wa majivuno. Alikuwa amezipenda picha zile kabla mtu mwingine hajazitazama mara mbili, na aliisogelea hii kama anayemsogelea mgonjwa wake.

"Sitasema uso ni mbaya," alisema hatimaye. "Nitasema tu kwamba sasa picha hii ni watu wawili wanaogombana kwenye kitanda kimoja. Maji yanasema hivi, ndege wanasema hivi, halafu huyu anawakaripia wote. Ilikuwa picha nzuri kuliko zote, mzee. Sasa si picha." Aligusa ukingo wa uso kwa ncha ya kidole, akakiangalia kidole. "Rangi bado ni mbichi. Ukiifuta sasa hivi itatoka yote, kitambaa kitabaki kama kilivyokuwa, tunaipakia, na hakuna atakayejua."

Akachukua kitambaa cha kufutia benchini, akakimwagia tapentaini, akampa Mchoraji.

Alikuwa amesema kweli. Mchoraji alijua kwamba amesema kweli, na hilo nalo lilimchoma. Jambo sasa lilikuwa jepesi kulisema na zito kulifanya. Akiufuta uso, ana picha yake, ukuta wake, mwisho wa safari yake, na sifa. Akiuacha, ana bango la kinyozi lililotumbukia kwenye ndoto, na watu watacheka.

"Futa," alisema Gundi. "Picha ni yako. Lakini ukishafuta usiwaambie watu kwamba ni mama. Waambie ni mwanamke na kiti."

Mchoraji alimtazama mdogo wake kwa chuki ambayo mtu huwa nayo kwa ndugu tu. Mgeni hawezi kukuchoma mahali hapo, hapajui. Akakikunja kitambaa kiganjani, akaiendea picha.

Alipofika karibu, jicho jipya likafanya kazi yake.

Hakuwa ameiona picha ile. Aliichora mwaka mzima kupitia ukungu, na ukungu ulikuwa umekilainisha kila kitu. Sasa aliyaona maji yale kwa mara ya kwanza: yalikuwa ya bluu tamu, bluu ya karatasi za peremende. Ndege walikuwa wanene kama mito ya kulalia. Nyumba walizobeba zilikuwa na mapazia safi. Barabara ilikuwa laini kama shuka. Hapakuwa na mahali hata pamoja ambapo mguu ungejikwaa. Alikuwa amemchukua mwanamke aliyetukanwa mbele ya makarani, akamtembeza katika mji wa peremende picha kumi na tano, na mahali pa uso ameacha tupu, na watu wakamwambia kwamba utupu ule ni hekima. Wala haukuwa hekima. Hakumwona. Hakumwona siku ile, na badala ya kumuuliza aliyemwona, akaota.

Kitu pekee kisichojipendekeza katika picha nzima kilikuwa ule uso mbaya.

Hasira haikumtoka, ilimgeukia, kama mbwa aliyevutwa mnyororo ghafla akamrukia mwenyewe. Aliinua kitambaa akafuta kwa nguvu. Ndege mmoja, ambaye rangi yake ya mwisho ilikuwa haijakauka, alichirizika mpaka chini.

"Mzee, umefuta pembeni," alisema Msimamizi.

"Najua nilipofuta."

Alitupa kitambaa, akachukua kisu cha rangi, akaanza kukwangua maji. Rangi iliyokauka ilitoka kwa vipande kama magamba, na sauti yake ilimfanya Shangazi aume meno.

"Mzee wangu, hiyo ni kazi ya mwaka mzima."

"Ulikuwa mwaka wa upuuzi."

"Naomba tukae tuzungumze."

"Zungumza na huyo mwenye gundi. Mimi nina kazi."

"Nafungua milango keshokutwa jioni. Kadi zimeshakwenda. Watu wanakuja kuona mama akikaa."

"Watamwona."

"Picha itafika mbichi."

"Mtu akiigusa achafuke."

Msimamizi aliivua miwani kwa mara ya mwisho. Na yeye alikuwa amekasirika sasa, ila alikuwa na adabu zake.

"Sikatai hasira, mzee," alisema. "Lakini hasira haijui kuchora. Inajua kufuta tu."

"Basi keshokutwa njoo uone imefuta nini."

Gari la magodoro liliondoka tupu.

Shangazi alimkumbusha kwamba daktari alikataza kuinama, alikataza vumbi, alikataza hasira. Mchoraji alimwambia daktari aje achore yeye. Akachukua brashi pana, si zile nyembamba za ndoto, bali zile za zamani zilizokuwa zimekakamaa chini ya benchi, na akaanza kumuuliza mdogo wake maswali bila kumgeukia, kwa sauti ya askari anayemhoji mwizi.

"Kituo cha mafuta kilikuwa upande gani?"

"Kulia."

"Barabara ilikuwa ya vumbi?"

"Lami. Lami mbovu, jua limeiyeyusha. Kandambili zangu zilikuwa zinanata."

"Waliocheka walikuwa wengi?"

"Kwangu mimi walikuwa dunia nzima."

Barabara laini kama shuka ikawa lami nyeusi, inayochemka. Maji ya peremende yakazikwa chini yake. Kando ya barabara wakajaa watu, na watu wale aliwapa vichwa alivyovijua: kufuli, beseni, droo ya meza iliyovutwa nje, cherehani inayojishona yenyewe. Pampu ya mafuta iliinama na mpira wake ukanyooka kama kidole cha kusutia. Lakini kila kimoja alikizungushia ule mstari mweusi mnene ambao hakuwa ameushika tangu ujana, na ndoto ambazo zilikuwa zinaelea zikatua chini kwa kishindo. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Alikuwa anatukana huku anachora, na haikujulikana anamtukana nani: mkubwa wa ofisi aliyekwisha kufa zamani, mafundi cherehani, mdogo wake, au yule Mzee Ndoto aliyesifiwa kwa miaka yote ile.

"Sasa hapo umekosea," alisema Gundi.

"Wapi?"

"Amekaa. Njia nzima hakukaa."

"Najua hakukaa."

"Umesema unataka ilivyokuwa."

"Sikusema hivyo. Uso ni wako. Kukaa ni kwangu." Alichovya brashi kwenye nyeusi. "Hakukaa kwa sababu hakuna aliyempa mahali. Nampa mimi. Anakaa hapo hapo katikati yao, na hao waliocheka lami imewashika magotini. Hawaondoki mpaka yeye aondoke."

Gundi alitazama. Alifikiria jambo hilo kwa muda, akilitafuta kasoro kama anavyotafuta mbao iliyopinda.

"Fundi cherehani aliyeuliza bei," alisema, "mzamishe zaidi."

Mchoraji akamzamisha mpaka kiunoni.

Waligombana mchana wote. Waligombana juu ya rangi ya gauni la kazi, ambalo Gundi alisema lilikuwa na kiraka begani na Mchoraji akasema hakuna aliyeuliza habari za kiraka, kisha akakichora. Waligombana juu ya kiti, mpaka Shangazi akaenda sebuleni, akakileta chenyewe, akakiweka mbele yao na kuwaambia waache kelele, jirani ana mtoto mchanga. Waligombana juu ya mtoto anayepaswa kuwa ubavuni mwa mama. Mchoraji alitaka kumtia, Gundi alikataa katakata. "Usinitie mimi. Mimi nimetosheka kuwapo mara moja."

"Pua naweza kuirekebisha?" aliuliza baadaye, kwa sauti ya chini. "Kidogo tu."

"Ukiigusa nitakukata mkono."

Uso haukuguswa. Ulibaki kama ulivyo, jicho moja kubwa kuliko jingine, lakini sasa haukuwa unakaripia picha. Picha nzima ilikuwa imesogea ikasimama pamoja nao. Kati ya vichwa vyote vile vya kufuli na mabeseni, alikuwa yeye peke yake mwenye uso, na alikuwa amekasirika, na amekaa.

Mwanga ulipoanza kupungua dirishani Shangazi aliingia na chupa ya dawa ya matone.

"Fumbua."

"Ngoja."

"Nimesema fumbua. Ukipofuka sitakuongoza njia."

Alimtia matone, kisha akageuka akaitazama picha. Hakusifu. Alifunga kifuniko cha chupa polepole.

"Sasa nitaogopa kuingia humu kufagia," alisema, akatoka.

Mchoraji alibaki amesimama, dawa inamchuruzika shavuni, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko. Hakujisikia vizuri. Alizifikiria zile kumi na nne zilizoko ukumbini, zimetundikwa kwa safu, nzuri, tamu, na jinsi ambavyo mgeni atazipita zote akitabasamu mpaka afike ukuta wa mwisho. Alifikiri kwamba Msimamizi huenda asimpokelee simu tena. Alifikiri kwamba kesho itabidi aanze upya, kutoka ile ya kwanza, mama anatoka nyumbani, na kwamba hajui kama umri utamtosha, na kwamba kila asubuhi itambidi amuulize mambo mtu yule.

Gundi alikuwa amekuja nyuma yake na futi ya kupimia.

"Bado nimekukasirikia," alisema Mchoraji.

"Najua. Nipishe nipime."

Alimpisha, lakini kidogo tu.